Korongo wa Ukweni

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, lakini kama una chakula mkononi kimalize kwanza. Ninataka kukufundisha kumtambua korongo, na somo hili sikulipata mahali pasafi. Wapo watu wanaowatazama ndege kwa raha, wamekaa juu ya gari na darubini shingoni huko chini kreta, nimewaona. Mimi niliwatazama nikiwa nimejiziba pua kwa kanga, na mimba yangu ya kwanza ikinipanda kooni kila upepo ulipogeuka. Hata hivyo nilijifunza vizuri, na ninaamini wewe pia utaweza. Si kazi ngumu. Inataka macho yenye subira na tumbo lisilopinduka haraka.

Nilizaliwa Mang'ola, bondeni, karibu na pale Ziwa Eyasi linapojipenyeza nchi kavu na kufanya ghuba ndogo yenye matete. Nikaolewa Kansay, juu, kwa wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ambayo sabuni ilikuwa habari. Boksi likiingia duka la kijiji, taarifa ilifika mashambani kabla mwenye duka hajalifungua. Ninaitaja sabuni kwa makusudi, maana bila kujua ilivyokuwa adimu hutanielewa huko mbele.

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara Ngorongoro, wakijaza kokoto kwenye njia ya ukingo wa kreta. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote niliishi na baba mkwe, mfuga nyuki asiyependa maneno. Na mama mkwe, niliyemwita Aayo kama watoto wake walivyomwita mama yao kwa Kiiraqw. Na wifi yangu, binti wa mwisho wa nyumba hiyo, ambaye ulimi wake ungeweza kumenya mbaazi.

Kibanda chetu sisi maarusi kilijengwa chini ya mgunga mkubwa, na mlango wa jiko langu ulitazama shina lake. Nilipofika mara ya kwanza niliona nimependelewa. Kivuli kama kile, nani hakitaki?

Masika yalipoanza, wakaja. Kwanza walikuwa wawili, wamesimama kileleni kimya kama vijiti vilivyokauka. Kisha wakaja wengine, na wengine, wakibeba vijiti midomoni, mpaka mgunga ukajaa viota vilivyotandazwa ovyo kama kuni zilizodondoka. Sauti yao ilikuwa kama ya mtu anayevuta kohozi asilolipata. Waliivuta asubuhi, wakaivuta mchana, na vifaranga vilipoanguliwa vikaongeza yao, tak-tak-tak-tak, bila kupumzika, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria tupu.

Nikueleze na kinyesi, maana ndicho kilichokuwa maisha yangu. Ni cheupe, chembamba kama chokaa ya kupaka ukutani, na hushuka bila hodi. Kilishuka juu ya paa, juu ya kuni, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kifuniko cha mtungi. Majani ya maboga niliyopanda kando ya jiko yaliungua yakawa ya njano, kisha meusi. Usidhani ninajifanya mtu wa mjini asiyejua samadi. Sisi sakafu zetu tulizisiriba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, tukatandika ngozi tukalala, na asubuhi chumba kilinukia nyasi. Samadi ya ng'ombe ina adabu. Harufu ya korongo ni ya kitu kilichooza kikachomwa kidogo, halafu kikamwagiwa mkojo wa panya. Inaingia kwenye nywele. Inaingia kwenye ugali. Niliacha kula ndani, nikawa nabeba sahani yangu hadi zizini, nikale karibu na ng'ombe ili nisikie harufu nzuri.

Siku moja doa lilinishukia begani, kwenye kanga yangu ya harusi, nami sikuwa na sabuni hata kipande. Wifi alikuwa akichambua maharage mlangoni kwa mama yake. Akaniangalia, akalaza ungo.

"Wifi, ndugu zako wamekusalimia."

"Ndugu zangu wepi?"

"Hao wa ziwani. Wamepanda mlima wote huu kuja kukuona, nawe huwapi hata uji!"

Nilicheka, maana utani wa mawifi ni halali na mwenye kununa ndiye anayeshindwa. Lakini Aayo hakucheka. Alitazama mgunga, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Ni kweli. Kabla hajaja huyu, mti ule ulikuwa wa njiwa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao pale kila ndege mrefu mwenye miguu myembamba aliitwa korongo, na korongo ni ndege wa ziwani, na mimi ni mtoto wa ziwani, na wao na mimi tulifika mwaka mmoja. Hesabu hiyo nani ataipinga? Kabla palizi haijaisha, kwenye mashine ya kusaga waliniita mwenye ndege. Mwanamke mmoja alihamisha debe lake lisigusane na langu, akiwa anatabasamu kwa upole kabisa.

Ukicheka, cheka, ila uelewe. Mke katika mwaka wake wa kwanza ukweni hatazamwi kama mtu. Anatazamwa kama mgeni aliyekuja na mzigo ambao haujafunguliwa. Nikisemwa kwamba nimekuja na uchafu, jina hilo ningezeeka nalo. Tena Aayo alikuwa ameanza kutaja jambo jingine, kwamba nikajifungulie kwetu. Kansay, mke aliyeshushwa kwao na mimba, mumewe akabaki, watu walimhesabu kuwa amerudishwa.

Baba mkwe, ambaye hakupenda maneno, aliamua kutumia mikono. "Hawa ni kama nyuki tu," akasema. "Wanataka moshi."

Alichagua siku ambayo majirani walikuja kutusaidia palizi ya mwisho. Kazi ilikuwa imeisha, watu wamenawa, na makande yamepakuliwa kwenye sinia uani, karibu na mgunga, kwa kuwa uwanja mwingine wa kuwatosha haukuwepo. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye kibuyu. Baba mkwe akatoa vifaa vyake vya nyuki, samadi kavu iliyofungwa ndani ya majani mabichi. Akaiwasha, akaifunga kwenye ncha ya mti mrefu, akaiinua katikati ya viota. Wanaume walimtazama kwa heshima. Mkono wake kwenye mizinga ulijulikana mpaka ng'ambo ya bonde la mto.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana somo. Nyuki akipata moshi hukimbilia asali, hujaza tumbo lake, akalewa shibe na kutulia. Ndiyo maana moshi unafaa kwa nyuki. Kifaranga cha korongo kikiogopa hufanya kinyume chake. Hutoa kila kilichomo tumboni. Sijui kama ni ili awe mwepesi au ili adui achukie na kuondoka, ila kama ni hilo la pili, basi anaijua kazi yake.

Mti mzima ulitapika.

Kilianza kitu kimoja kuanguka ndani ya sinia, pwaa, na kila mtu akadhani ni tawi. Kilikuwa panya, amechubuka manyoya upande mmoja, macho yameyeyuka. Kabla mtu hajasema neno, akafuata chura, kisha nusu ya nyoka, kisha vitu visivyokuwa na jina tena, vya kijivu, vya moto, vinavyoteleza, juu ya makande, juu ya mabega, ndani ya kibuyu. Kifurushi kizima cha nzige na manyoya kilimtua Aayo kwenye kilemba. Uvundo ukashuka baadaye, mzito, kama shuka lenye maji. Watu walitawanyika. Jirani mmoja, mzee mcheshi aliyekuwa na ute ukimning'inia sikioni, akapaza sauti kutoka nyuma ya zizi:

"Mzee, umevuna! Lete mkate tupakie!"

"Asali ya mwaka huu ina miguu!" akajibu mwingine.

Wifi alicheka hadi akakaa chini, akagundua amekaa juu ya nini, akaacha kucheka. Mimi niliinama pale pale nikaongeza cha kwangu.

Walipoondoka wote, Aayo alikuwa akifua kilemba chake kwa majivu, anakisugua, anakinusa, anakisugua tena. Hakuinua macho.

"Utakwenda kwenu ukajifungulie," akaniambia. "Ndege hawa wakikufuata, tutajua. Wasipokufuata, tutajua vilevile."

"Aayo, si mimi niliyewaleta."

"Sijasema wewe mbaya, mwanangu. Nimesema nenda."

Kusafisha kulikuwa kazi yangu. Mke mpya hana wa kumtuma. Nilichukua jembe bovu na majivu, nikajifunga kanga puani, nikaanza kukwangua ua. Nililia kidogo, si kwa huzuni peke yake, maana moshi nao ulikuwa bado unawasha. Na nikiwa nakwangua, nikichukizwa na kila kipande kivyake, nikaona jambo. Palikuwa na panya. Palikuwa na mafuko, wale wanyama vipofu wanaokula viazi kutoka chini ya ardhi. Palikuwa na panzi na vyura. Samaki hakuwemo. Hata mwiba mmoja, hata gamba moja.

Kwetu, chini ya miti wanapolala korongo wa ghuba, unatembea juu ya magamba. Vichwa vya kambare vimezagaa na masharubu yao. Nimekulia katika uchafu ule, ninaujua kama ninavyoujua wimbo. Huu haukuwa wenyewe. Uchafu huu ulikuwa wa watu wengine.

Nikainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafike nikawatazama badala ya kuwakimbia. Niliwatazama kila siku nikiwa mlangoni kwa jiko, sufuria nimeifunika. Mtu mzima wa ndege wale alikuwa mweusi kuanzia utosini na kushuka nyuma ya shingo yote, kana kwamba amevutwa kutoka bombani mwa moshi. Mbele ya shingo mweupe. Miguu myeusi, mdomo wa kijivu cha giza. Akiruka alikunja shingo na kuiweka katikati ya mabega. Hilo likumbuke, maana kongoti na ndugu zake, wale wenye miguu mirefu kama yeye, huruka wameinyoosha. Na walipoondoka kwenda kutafuta chakula hawakuelekea bondeni kwenye maji. Walielekea kwenye mashamba yetu, wakasimama kati ya matuta ya maharage, hawatikisiki, mpaka kitu kitikisike.

Jumamosi nikamweleza mume wangu kwamba hawa si korongo wa ziwani. Alikuwa amechoka, vumbi la barabara limemjaa kwenye nyusi.

"Mke wangu, ndege ni ndege. Mama anatafuta wa kumlaumu tu."

"Basi amtafute mwingine."

Alikunywa maji, akaangalia kama kuna kitu kimeelea ndani yake. "Mchukue dada yangu mwende naye," akasema. "Macho yake yakishaona, mdomo wake utafanya kazi iliyobaki."

Aayo alikubali, maana kwa vyovyote nilikuwa nashushwa na lazima mtu anisindikize. Alisimama njiani akanishika mkono. "Kama ni wale wale," akasema, "wifi yako atarudi peke yake." Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniumiza.

Tulishuka na lori lililokwenda kubeba vitunguu. Mama yangu alitupokea kwa uji, akanitazama tumbo, kisha akanitazama uso. Asubuhi yake nikampeleka wifi ghubani.

Ningependa kukuambia ghuba ile inapendeza. Kwa mbali, inapendeza. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua na maji yamerudi nyuma, yakaacha tope jeusi lililopasuka juu na kuoza chini. Perege waliokwama walikuwa wamelala ubavu, wamevimba, nzi wamewafunika mpaka wanaonekana wanapumua. Wifi alikanyaga, katambuga yake ikabaki ndani, akaivuta ikatoka na sauti ya kumeza.

"Wifi," akasema, "na nyie mnatucheka sisi wa juu?"

"Sijawahi kuwacheka."

"Leo ungekuwa na haki. Lakini na hapa kwenu panatisha."

Nikamkalisha juu ya jiwe nikamfundisha kama ninavyokufundisha wewe. Nilimwambia aanze na aliye rahisi. Yule mweupe mwenyewe, mdogo, anayefuata ng'ombe, ni yangeyange. Huyo mweke pembeni. Yule mkubwa kupita wote, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, shingo yake rangi ya udongo wa kufinyangia, ni jitu la korongo. Naye mweke pembeni. Halafu tafuta yule wa kijivu, aliyesimama peke yake maji yakimfika magotini.

"Huyo hapo!" wifi akanong'ona. "Si ndiye huyo? Ndiye, wifi. Pole."

"Usiseme bado. Tazama shingo."

Alikaza macho. Jua lilikuwa nyuma yetu, jambo ambalo nawe ulikumbuke kila mara, maana ukilitazama jua kila ndege ni mweusi. Yule korongo alikuwa ametega, shingo imepinda. Akachoma maji. Akatoka na kambare aliyekuwa bado anajinyonga, ute unadondoka kwa nyuzi, masharubu yanatapatapa. Alimgeuza kichwa mbele, akaanza kummeza. Haikuwa haraka. Uvimbe ulishuka ndani ya shingo ile nyembamba taratibu, ukasimama katikati, ukajinyonga ukiwa mle ndani, ukaendelea kushuka. Ndege akanywa maji kidogo kusuuza, kama mzee aliyemaliza nyama. Uji wa mama yangu ulinirudia mpaka kwenye meno.

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akaiondoa taratibu.

"Shingo yake nyeupe," akasema. "Nyuma na mbele, nyeupe."

"Na mdomo?"

"Wa njano. Na ana… subiri. Ana nyusi! Mstari mweusi juu ya jicho mpaka kisogoni. Kama mwalimu mkuu wetu alipokuta tumemaliza chaki." Akacheka, mara akanyamaza. "Wale wa kwetu hawana nyusi. Wamezama kichwa kizima kwenye masizi."

Ndege akachukizwa na kelele zetu, akaruka. Alipopita juu yetu nikamwambia wifi atazame chini ya bawa, naye akatazama. Lote kijivu, sawasawa, kama jivu la jikoni. Wakati ule sikujua kwamba neno hilo litaniokoa. Nilimwonyesha tu kwa tabia yangu ya kutoacha kitu kiishie njiani.

Tuliporudi Kansay tulirudi wawili. Aayo alikuwa uani anapepeta. Akatuona, akaweka ungo chini, akangoja. Wifi hakungoja hata kusalimia.

"Aayo, si wao! Wa ziwani wana nyusi. Wana shingo nyeupe. Wanakula samaki na wana tabia mbaya mezani. Hawa wetu ni wengine kabisa."

Aayo alikwenda mpaka chini ya mgunga, mkono juu ya macho. Vifaranga vilikuwa vimekua wakati tulipokuwa hatupo, na kimoja kilikuwa kimetoka kiotani, kimesimama juu ya tawi la chini, kimejaa, kirefu, na shingo yake ilikuwa ya kijivu hafifu. Hakikuwa na weusi popote.

"Huyu masizi yake yako wapi?" Aayo akauliza. "Au macho yangu yamezeeka?"

Ni kweli kabisa, na wewe usije ukakamatwa nalo: mtoto wa korongo wa shambani hazaliwi na weusi wake, huupata akikomaa, na kabla ya hapo anaweza kumdanganya mtu yeyote kwamba yeye ni wa ziwani. Wakati ule sikulijua jambo hilo. Niliona tu mzigo wangu ukifunguliwa mbele ya mama mkwe, na ndani yake mna ndege wa kwetu.

Nikasimama pale pale, nikashusha pua yangu kwenye kanga, nikangoja. Kuna wakati ambapo kungoja ndiyo kazi yote. Kifaranga kile kilijichambua manyoya, kikajikuna, kikanya, kisha, kama wanavyofanya wote wanaojifunza kuruka, kikafungua mabawa kikaanza kuyapiga hewani kikiwa kimeshika tawi. Sisi tulikuwa chini yake.

"Aayo," nikasema, "tazama kwapa."

Chini ya bawa, nusu ya mbele ilikuwa nyeupe na nusu ya nyuma nyeusi, mpaka wake umekatwa kama upindo wa nguo. Mama wa kifaranga akatua kandoni na bawa lake lilikuwa hivyo hivyo.

"Kwapa, Aayo!" wifi akapiga kelele. "Wa ziwani kwapa lake lote ni jivu! Nimeliona mimi mwenyewe, limenipita hapa, hapa!"

Aayo alitazama muda mrefu. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini manyoya peke yake, akaokota kitu chini, donge la kijivu refu kama kidole gumba, moja ya yale ambayo korongo huyatema baada ya kula. Alinipa.

"Wewe unayejua. Hiki nini?"

Kukishika kulikuwa adhabu. Kilikuwa na unyevunyevu na kilinuka kama nguo iliyofungiwa mvua. Nikakipasua kwa vijiti viwili mbele yake. Ndani mlikuwa na manyoya matupu, yamesokotana, ya kahawia, na meno mawili ya njano yaliyopinda.

"Panya," akasema Aayo.

"Panya, Aayo. Wote hivyo. Nimekwangua ua huu, ninajua."

"Panya wengi hivi wanatoka wapi?"

Sikujibu. Mke mpya hajibu swali kama hilo. Wifi naye mara akapata kitu cha kutazama kwenye kucha zake. Ni baba mkwe aliyesema, kutoka kwenye kigoda chake, bila kugeuka.

"Mama watoto, lini mara ya mwisho tuliona sakafu ya ghala letu?"

Lazima nikueleze desturi ya nyumba ile. Aayo aliwahi kuona njaa akiwa msichana, na tangu hapo aliapa ghala lake halitalala tupu. Mavuno mapya yalimwagwa juu ya ya zamani. Tulichukua mahindi ya kula kutoka juu. Ya chini hayakuguswa, yalikuwa akiba, yalikuwa usalama wake. Hakuna mtoto wala mkwe aliyeruhusiwa kuyagusa. Na mwaka uliotangulia yalivunwa mengi, ghala likajaa hadi kwenye paa.

Tulilifungua siku ile ile, tukitoa kwa debe. Juu mahindi yalikuwa mazuri. Katikati yalikuwa na vinyesi vyeusi kama mbegu za mchicha, kisha kama punje za mtama. Kisha mahindi yakaisha, yakabaki magunzi na unga wa kijivu uliogandishwa na mkojo, uvundo wake ukakata pumzi. Wifi alichoma koleo, na chini ikatikisika. Viota juu ya viota, vya manyoya na maganda, na ndani yake vitoto vya panya vyekundu, bila macho, vimerundikana vinajinyonganyonga kama matumbo. Wakubwa walitoka kwa wingi, wakapita juu ya miguu yetu. Nilihisi kucha zao. Na nilichokiwaza si panya. Niliwaza ugali. Ugali wa miezi yote ile, niliokuwa nikiubeba kwenda kuula zizini kukwepa harufu ya ndege.

Aayo aliketi chini kwenye vumbi. Sijawahi kumwona akiketi hivyo.

"Na tumekula," akasema.

Wifi, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, aliinama akamwondolea mama yake uchafu kwenye upindo wa kanga. Mimi nilikwenda kuteka maji nikamletea ya kunawa. Aliponawa alinishika kiganja, mikono yetu yote ikiwa inanuka.

"Utajifungulia hapa," akasema. "Lakini si chini ya mti ule. Mjukuu wangu hatanyewa kichwani siku ya kwanza."

Juma lililofuata majirani wale wale walikuja na udongo na samadi, wakatujengea kibanda kingine upande wa juu wa ua, mbali na mgunga. Yule mzee mcheshi alikataa kula mpaka sinia liingizwe ndani ya nyumba. Mgunga haukukatwa. Tulipochoma takataka za ghala, panya walisambaa shambani, na korongo walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye matuta kabla moshi haujatulia. Nilimtazama mmoja akimdaka mkubwa wao, akimchovya kwenye dimbwi ili ateleze, akimmeza huku mkia ukiwa umebaki nje kama uzi. Nilijua kwamba ananifanyia kazi. Nikatapika hata hivyo.

Binti yangu alizaliwa katika kibanda kile kipya, na kwenye mashine ya kusaga jina la mwenye ndege lilikufa polepole, maana wifi alikuwa akimsimulia kila mtu habari za makwapa. Korongo walirudi kila masika. Sikuwapenda, na sasa nimezeeka bado siwapendi. Lakini sikuwahi tena kuwachanganya.

Basi nawe ukiambiwa ndege fulani ni wa mahali fulani, usibishane. Weka jua nyuma yako, tazama shingo, tazama mdomo, kisha ngoja afungue bawa: likiwa jivu tupu ni wa majini, likiwa nusu jeupe na nusu jeusi ni wa shambani. Na ukilazimika kumtazama kutoka chini ya kiota chake, simama upande upepo unakotokea, ufunge mdomo.